Notisi ya Siku Tisini

Kibanda changu kinatazamana na mahakama:
kompyuta moja, printa moja, feni inayokohoa.
Ukurasa elfu moja na mia tano. Muhuri si kazi yangu.
Nimechapa talaka, mirathi, maombi ya kazi ya ulinzi.
Leo kaingia Chilongani Mhembano wa Hombolo,
kofia ya pikipiki kwapani, kucha zambarau
hadi kwenye nyama.

"Andika," kasema, "andika walinionea."
Nikamwambia: kuonewa hakuna tarehe, baba.
Sheria haili uchungu, inakula saa na mahali.
Lini? Wapi? Nani alikuwepo?

Akakuna kisogo. Tukaanza.

Usiku wa kuamkia Jumatano, saa nane na robo,
baada ya Ihumwa, koni mbili na tochi,
kibao hakuna, gari lao limezimwa taa.
Yeye na pikipiki, makreti manne ya zabibu nyuma,
anawahi wachuuzi wa Majengo kabla hakujapambazuka.
Hakuyumba. Hakuvuka mstari. Taa zote zinawaka.
"Unanuka pombe."
"Afande, nanuka shamba."
"Puliza."
Akapuliza, mpaka masikio yakaziba.
Kidude kikaandika sifuri, nukta, sifuri, sifuri.
Hapo hadithi ingeisha
kama ingekuwa ya pombe.

"Kipimo kibovu," afande akasema,
akachomoa ufunguo.

Nikaacha kuchapa.
Niseme kweli: na mimi nataka walevi washikwe.
Dada yangu Nyemo aligongwa pale Kizota
na mtu aliyetoka kilabuni akiimba.
Jeneza hatukulifungua.
Kila nikiona koni barabarani moyo wangu husema asanteni.
Ndiyo maana mstari huu niliuchapa taratibu,
herufi moja moja, kama anayechambua mchele:
*Mlalamikaji alipimwa, akaonekana mzima, akafungiwa.*

Tuendelee.
Sakafuni hadi saa kumi jioni. Kosa hakuambiwa.
Simu alinyang'anywa, mkewe akamtafuta hospitali zote.
Jina lake halimo katika kitabu cha kituo;
alirudi kuuliza, akaoneshwa ukurasa,
mistari ina mapengo kama meno ya mtoto.

Na zabibu?
Ziliachwa uani, juani, ndani ya makreti.
Zikapasuka, zikatoa povu, nzi wakaja na ukoo wao.
Akasema huku anacheka, na hacheki:
"Mama, pale kituoni walevi walikuwa zabibu zangu tu."

Hiyo niiandike?
Iandike.
Ipo, aya ya saba.

Kisha nikamweleza niliyoyaokota kwa mawakili
wanaposubiri nakala mlangoni kwangu:
Serikali huishtaki kama jirani aliyekuibia kuku.
Unapiga hodi kwanza, kwa barua, unangoja siku tisini.
Nakala moja kwa Mwanasheria Mkuu.
Baadaye ndipo kesi, ndipo fidia,
ndipo jaji amuulize afande, mbele za watu,
swali ambalo Chilongani aliuliza gizani akapigwa kofi:
Umenisimamisha kwa lipi?

Akahesabu kwa vile vidole.
"Siku tisini. Nikipogoa leo,
zitakuwa ndiyo zinaanza kubadili rangi.
Naweza kungoja. Ukungu, ndege, madalali,
vyote nimevingojea."

Tukafika kwenye madai.
Makreti manne: bei anaijua hadi senti.
Kulikomboa pikipiki: elfu thelathini, bila risiti.
Usiku mmoja, nikauliza, tuuwekee kiasi gani?

Akaangalia nje. Karani alikuwa anafunga dirisha la masijala.
Akasema, "Ule wa kwangu, au wa mke wangu?"

Amekwenda kulala nao, atarudi kesho.
Nimezima feni, nimezima taa,
kompyuta sijaizima.
Kishale kinapepesa palepale,
baada ya *Sh.*